Shaaban Robert angekisomaje Kidagaa?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Mumias. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na chama chetu cha Kiswahili kinaandaa onyesho fupi. Shaaban Robert amefufuka, amepewa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, amekisoma chote, na sasa wawili hao wameketi kukijadili. Wanafunzi wameshaandika rasimu, nimeiambatisha. Mwenzangu katika idara ameisoma akasema ni upuuzi, tunawatia marehemu maneno kinywani. Je, ana haki? Na kama si upuuzi, tutajuaje kwamba hatubuni tu?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, rasimu nimeisoma yote. Mwenzako ana haki kuhusu rasimu; kuhusu zoezi lenyewe hana. Ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Shaaban Robert wa wanafunzi wako anaingia jukwaani na mkongojo, anakohoa, analalamikia mmomonyoko wa maadili, anakicheka Kiswahili cha bara cha Walibora, kisha Walibora anaomba radhi na pazia linafungwa. Huyo mzee namjua. Yumo katika kila mchezo wa kuigiza niliowahi kuutazama kwenye tamasha za shule hapa Kisumu. Mvue jina la Shaaban Robert, umvike la chifu mstaafu, na hakuna sentensi hata moja itakayohitaji kubadilishwa. Kipimo changu ndicho hicho: jibu la mwandishi likiweza kutoka kinywani mwa mtu yeyote, bado hatujamfikia mwandishi.

Basi tuanze na huo mkongojo, tuutupe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mnamo 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962. Alikuwa na miaka 53. Walibora alipotoa Kidagaa mwaka 2012 alikuwa katika miaka ya arobaini. Ukiwaketisha mezani kila mmoja katika umri huo, wameachana kwa miaka michache tu, na kila mmoja aliandika huku ana kazi ya mshahara. Waite ndugu na ndugu. Hakuna babu hapo wala mjukuu, na Walibora hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Dharau ya Kiswahili cha bara nayo muiondoe. Baba yake Shaaban Robert alikuwa Myao. Ukoo wao ulifika Tanga kutoka mbali. Mtu huyu aliandika kwamba titi la mama ni tamu hata likiwa la mbwa, akimaanisha lugha yake, na maisha yake yote aliihesabu Kiswahili kuwa mali ya kila anayeitumikia. Sidhani angemkuta mzaliwa wa Bungoma anayeandika Kiswahili kilichonyooka kiasi kile akaanza kumkosoa lafudhi. Na ninyi mko Mumias, mahali ambapo lugha hii iliingia na misafara ya pwani enzi za Nabongo Mumia, kabla ya reli kufika Kisumu. Ajabu kwamba ni wanafunzi wa Mumias wanaomtaka mtu wa Tanga awacheke.

Sasa swali lako kubwa: mtajuaje kwamba hambuni? Mimi huuliza jambo moja kwanza. Je, huyu mwandishi aliwahi kuzisoma kazi za wengine, na alipozisoma alifanya nini? Katika hilo Shaaban Robert ametuachia ushahidi wa kutosha, na ndio ulioikosa rasimu yenu.

Ushahidi wa kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958. Hapa tuna msanii mmoja akimzungumzia mwingine: mshairi wa Tanga juu ya mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ufukara, akauza vyungu, akaja kurekodi nyimbo Bombay mwaka 1928. Uone Shaaban anavyomsoma. Hahesabu mizani ya nyimbo zake wala hatangazi upi ni bora na upi ni hafifu. Anatafuta tabia: mtu huyu alikuwa nani, alistahimili nini, alijibu vipi alipodharauliwa. Kwake kazi ya sanaa ni ushahidi wa nafsi iliyoifanya. Kwa hiyo akipewa Kidagaa, hataanza na mbinu rejeshi (masimulizi kurudi nyuma) wala jazanda (picha za mafumbo), vitu ambavyo wanafunzi wako wamevikariri kutoka kwenye miongozo tangu kitabu hiki kilipokuwa kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya. Ataanza kwa kuuliza habari za mtu aliyekiandika.

Ushahidi wa pili utawashangaza vijana. Mwaka 1952 zilitoka rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili, na mfasiri ni Shaaban Robert. Khayyam, mshairi wa mvinyo na shaka, ametafsiriwa na Mwislamu mwenye sifa ya kuwa mwalimu wa adili wa Afrika Mashariki! Aliketi na beti za ulevi akazitafutia vina. Mtu huyo hatapiga kelele kwa sababu Majisifu, mwalimu katika Kidagaa, ni mlevi, wala hatafumba macho kwenye kisa cha Lowela, kimada wa mtemi wa riwaya hiyo. Mmemfanya mwoga wa mambo ambayo yeye mwenyewe aliyatia kalamu.

Wa tatu ni mfupi lakini nitaurudia baadaye: aliwaandikia wanawe tenzi. Utenzi wa Hati ni wa binti yake, Utenzi wa Adili ni wa mwanawe wa kiume. Jambo likimgusa sana, Shaaban Robert humgeukia mtoto na kumwandikia.

Ushahidi ukishakusanywa, kazi ya kubuni ndiyo inaanza, na haina aibu. Washairi wetu walijibizana tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao ikihasimiana. Mjibuji hakuwa huru kusema lolote. Alibanwa na kilichosemwa na aliyemtangulia. Kuhusu maneno ya marehemu, mwambie mwenzako awaulize wanafunzi wa upande wa Bungoma habari za omuswala kumuse. Mzee yule, siku chache baada ya maziko ya mtu anayeheshimiwa, husimama mbele ya halaiki akaeleza waliotangulia walitoka wapi, walikatazana nini, walio hai washike lipi. Hajifanyi yeye ndiye marehemu. Anasema kwa niaba yao kwa sababu amejifunza maneno yao, na akikosea nasaba wapo watakaojua. Onyesho lenu lisimame mahali hapo.

Lakini mchague Shaaban Robert wa mwaka gani. Yule aliyeandika Kufikirika mwaka 1946 ni mtumishi wa serikali ya kikoloni anayeficha maana ndani ya nchi za kubuni. Mimi ningemchukua wa miezi yake ya mwisho. Tanganyika imepata uhuru 9 Desemba 1961. Yeye anafariki Juni 1962. Aliuona uhuru kwa takriban nusu mwaka. Kenya bado. Mtu huyo mpeni Kidagaa mkononi, halafu mtulie.

Ataanza kusoma na atakutana na mswada. Kijana Amani ameandika, mswada wake umeibwa, umetoka kitabu chenye jina la Mwalimu Majisifu. Rasimu yenu imelipitia hili kwa sentensi moja: Shaaban anasema wizi ni mbaya. Wizi ni mbaya, ndiyo, lakini mnajua mnazungumza na nani? Kufikirika aliyoiandika 1946 hakuiona ikiwa kitabu. Ilichapishwa baada ya kifo chake. Utubora Mkulima hakuiona. Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, hakuuona. Alitamani kuchapishwa kiasi cha kuanzisha shughuli yake mwenyewe ya uchapishaji kule kwao Tanga. Miswada imejaa sandukuni, umri unakwenda, halafu anasoma habari za kijana ambaye mswada wake umechapwa na jina la mwingine limekaa juu ya jalada. Hapa ningemnyamazisha. Mwigizaji asome ukurasa ule, aufunge, aufungue tena. Kisha aulize swali ambalo mwandishi aliyechapishwa kwa urahisi hawezi kuliuliza: “Na wasomaji walikipenda?” Maana uchungu wake una pande mbili. Kitabu kimeibwa, lakini walau kimesomwa. Walibora atajibu nini? Sijui, na natamani wanafunzi wako walale na swali hilo siku mbili tatu kabla ya kuandika.

Baada ya mswada ni ardhi. Mtemi Nasaba Bora ameghushi hati, amekalia mashamba ya watu, na damu imemwagika kwa ajili hiyo. Kwa mtoto aliyekulia Trans Nzoia, alikokulia Walibora, hilo halihitaji ufafanuzi. Wanafunzi wako wameandika kwamba Shaaban “anashangaa” kusikia ardhi inaibwa. Ashangae vipi? Katika miaka ya hamsini alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Ramani na mipaka vilimpitia mezani kila siku ya kazi. Hata hivyo ukisoma Utubora Mkulima, shamba la Busutamu ni mahali pa mtu kupumzisha nafsi baada ya kuchoshwa na mji. Si mali ya kuuliana. Hapo pana shimo la kweli kati ya hawa wawili, na Walibora anaweza kumwuliza bila kumvunjia heshima: ndugu, wewe uliyekaa kwenye ramani mchana kutwa, mbona usiku uliandika shamba lisilo na mgogoro? Swali zuri hilo. Mpeni Walibora aliulize.

Majina nayapitia haraka, maana kila mwongozo umeyazungumza. Kusadikika, riwaya ya Shaaban, ina waziri Majivuno; Sokomoko, mahali pa Kidagaa, ina mwalimu Majisifu. Anayetaka kuona ukoo wa vitabu hivi aanzie hapo. Ila tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Kwa Shaaban jina ndiyo hatima: katika Adili na Nduguze, Adili ni adili tangu ukurasa wa kwanza, na nduguze Hasidi na Mwivu hawatuachi na shaka. Walibora amekichukua chombo hicho akakipinda. Nasaba Bora hana ubora wowote, jina lake linadanganya wazi mbele ya watu wote, na hakuna anayethubutu kusema. Nadhani Shaaban angelicheka hapo, cheko la fundi anayeona patasi yake imetumika kwa kazi asiyoifikiria. (Na hebu fikiria: mwandishi anayeitwa Walibora ndiye anayebuni dhalimu mwenye ubora jinani.)

Sasa ugomvi. Onyesho lisilo na ugomvi ni hotuba ya siku ya tuzo, na rasimu yenu imeuweka mahali pasipo na uzito. Ninavyosoma mimi, kitu ambacho Shaaban Robert hangekubali katika Kidagaa ni namna haki inavyofika.

Kumbuka Kusadikika, ya 1951. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Mshitaki ni Majivuno. Karama anasimama barazani, anaeleza siku baada ya siku habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya faida, wakatiwa gerezani kwa malipo ya kazi yao. Maneno yake yanashinda. Wafungwa wanatoka. Hata katika Adili na Nduguze, ambamo ndugu waovu wamegeuzwa manyani na Adili analazimika kuwapiga kila usiku, siri inafichuliwa, mfalme Rai anaisikia, na msamaha unakuja baada ya habari yote kusemwa kinywa wazi. Kwa Shaaban Robert uovu lazima usimuliwe hadharani mbele ya mwenye mamlaka. Hiyo ndiyo imani yake kuu, kuliko hata adili: neno likisemwa vizuri mahali panapostahili, dunia inasogea.

Sokomoko haiko hivyo. Mtemi Nasaba Bora anajitia kitanzi. Anaondoka kwa mkono wake mwenyewe, si kwa hukumu ya baraza. Ningemwandikia Shaaban maneno ya namna hii: “Ndugu yangu, mbona umemwacha aondoke? Wenye mashamba walikuwa wamesubiri miaka. Ungewapa siku sita za kusema, yeye ameketi, anasikia.” Hayo si malalamiko ya mzee juu ya vijana. Ni fundi akimwonyesha fundi mwenzake mahali anapodhani pau imepungua.

Na Walibora ana jibu, tena jibu zito. Katika Kusadikika mwovu ni waziri na mwamuzi ni mfalme. Juu ya Majivuno yupo anayeweza kusikia. Katika Sokomoko mwizi ndiye mtemi mwenyewe. Karama angesema mbele ya nani? Kumbuka pia kwamba Walibora alisoma shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akaihitimisha mwaka 2009 kwa utafiti juu ya simulizi za waliofungwa kwa sababu za siasa nchini Kenya. Alizisoma habari za watu waliosema kweli na malango yasifunguliwe. Hawezi kuandika baraza la Karama kwa moyo mweupe. “Mfalme wako alisikia,” atasema. “Wangu ndiye mshtakiwa.”

Msimwache Shaaban bila la kusema. Anaweza kumkumbusha kwamba wajumbe wale sita walifungwa katika utawala wa mfalme huyohuyo aliyekuja kusikia, na kwamba yeye aliyaandika hayo akila mshahara wa serikali ya Mwingereza. Hakuwa mjinga wa dola. Alichagua kuandika mfalme anayesikia kwa sababu wale wa kweli hawakuwa wakisikia. Nani kashinda? Mimi nipo upande wa Walibora kuhusu Sokomoko na upande wa Shaaban kuhusu kazi ya fasihi, na sioni haja ya wanafunzi wako kuchagua jukwaani.

Kimebaki kitoto. Mtoto anayetupwa mlangoni pa Amani, ambaye Amani na mwenzake Imani wanamwita Uhuru, anaugua, anapelekwa hospitali, anapuuzwa, anakufa. Msomaji wa Kenya wa 2012 anaelewa mara moja, pengine kwa haraka mno. Lakini mpeni mtu ambaye uhuru wa nchi yake una umri wa mtoto anayejifunza kukaa. Hana uchovu wetu. Hajasikia hotuba za miaka 50. Anafika kwenye ukurasa ule na mtoto anakufa mikononi mwake. Ningeweka kilele cha onyesho hapa, na hapa ndipo ule ushahidi wa tatu unapofanya kazi: hatoi hoja. Anaomba karatasi, anamwandikia mtoto utenzi.

Waandike wenyewe huo utenzi. Mizani 8 kila mshororo, vina vitatu vya kwanza vifanane, cha nne kiende na kile cha ubeti unaofuata mpaka mwisho. Wasiige sauti yake. Hiyo itawashinda na itachekesha. Mimi nimejaribu ubeti mmoja ili uone kiwango ninachokisema:

Uhuru u kitandani,
homa imo kifuani,
wauguzi barazani
soga haziwaishii.

Wako kijana darasani mwako atakayeandika wa kuushinda huo kabla ya kengele ya chai.

Mwenzako akiendelea kupinga, usibishane naye kwa nadharia. Mwambie kwamba Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ng'ambo ya ziwa letu hili, kabla ya kukamilisha njia yake mwenyewe katika riwaya aliandika tasnifu nzima ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert, mwaka 1976. Waandishi husomana. Ninyi mnaigeuza tu kamera upande ambao kalenda imeuzuia, marehemu amsome aliyekuja baada yake. Na Walibora naye, mnajua, alitutoka Aprili 2020. Wote wawili hawapo kujitetea, kwa hiyo mzigo wa kuwasoma vizuri uko kwenu.

Kuhusu muda: dakika 20 hazitoshi kwa yote haya. Kateni mjadala wa majina, kateni lugha. Ardhi ikibidi ibaki swali moja tu la Walibora. Mswada, baraza na mtoto visiguswe. Wahusika wawili na meza vinatosha. Huyo mwanafunzi mliyemweka kama mwenyekiti wa mjadala mwondoeni, kazi yake katika rasimu ni kusema “asante sana” kila baada ya dakika.

Kabla ya kuandika upya, wote wasome Kusadikika. Ni kitabu kifupi, wikendi moja inakimaliza. Wakiwa na wiki ya ziada wasome pia Siku Njema, riwaya ya Walibora ya 1996, ambamo kijana Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba. Mwandishi wa bara alianzia Tanga, tena nyumbani kwa mwimbaji wa taarabu. Mwandishi wa Tanga alikuwa ameshaandika wasifu wa mwimbaji wa taarabu. Hilo linaweza kuwapa sentensi ya kwanza ya onyesho, swali la mwenyeji kwa mgeni: nani alikuonyesha mji wetu?